Tunabandika Majina Yetu Juu ya Maji, Halafu Hatuulizi Kilichomo



Leo sina mapishi, wala sina mtindo mpya wa kufunga mtandio. Leo nina ugomvi. Na ugomvi wenyewe ni wa chupa ya maji, ile ndogo ya nusu lita, iliyobandikwa stika ya waridi yenye jina la bibi harusi na bwana harusi na tarehe ya nikaha kwa maandishi ya dhahabu. Mmeziona. Pengine na wewe unayenisoma umeshaziagiza, zipo kwa mpambaji zinakusubiri. Basi nivumilie, shoga yangu, usinifungie mlango mapema.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ameolewa bara. Nikaha tuliifanya kwetu Unguja, kisha tukafunga safari ya kumpeleka kwao bwana, mkoa wa Shinyanga, upande wa Kishapu. Boti mpaka Dar, halafu basi kutwa nzima mpaka miguu inavimba. Bwana mwenyewe shughuli zake ziko Geita, ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na huko ndiko walikopanga kuishi. Tulikwenda wanawake kumi na moja pamoja na bibi yetu, ambaye aliambiwa abaki akasema hakuzaa watoto sita ili ahadithiwe harusi.

Tulipokelewa vizuri sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Turubai, viti vimevalishwa vitambaa, ng'ombe kachinjwa, na kila meza imepangwa chupa za maji zenye stika. Bibi macho yake hayaoni vizuri tena. Akaniuliza, "Haya maji ya wapi?" Nikaigeuza chupa. Jina la bibi harusi. Jina la bwana harusi. Kopa mbili zimeungana. Nikaibandua ile stika kwa ukucha, na lebo ya kiwanda ikatoka nayo, ikachanika vipande. Chanzo cha maji, tarehe ya kutengenezwa, namba ya toleo, alama ya TBS, vyote vimekwenda na gundi.

"Sijui, bibi," nikamwambia. "Ni ya maharusi."

Akanywa. Sote tulikunywa.

Baadaye nikaenda nyuma jikoni kutafuta maji ya udhu. Huko nikawakuta kina mama waliokuwa wamekesha wakipika, jasho linawatiririka, wanakunywa kwa kikombe cha plastiki kutoka kwenye ndoo. Nikataka na mimi nichote. Mama mkwe wa mdogo wangu akanishika mkono. "Hapana, mama, hayo si ya wageni. Ngoja nikuletee ya chupa." Nikamuuliza, kwani haya yana nini? Akacheka kidogo. "Hayana kitu. Sisi tumeyazoea."

Alipocheka nikayaona meno yake. Nikawatazama na watoto waliokuwa wakizunguka pale kuokota chupa tupu. Meno yana michirizi ya kahawia, mengine yamechimbika kama yaliyotafunwa na mchanga. Si uchafu ule, wala si kwamba hawapigi mswaki. Ile ni floridi.

Nieleze kidogo, maana sisi wa pwani jambo hili si letu, letu ni maji ya chumvi. Floridi ni madini yaliyomo ndani ya miamba, na maji ya ardhini yanapokaa kwenye miamba hiyo huyeyusha kiasi chake. Kidogo tu ni kizuri kwa meno, ndiyo maana dawa ya mswaki inayo. Kikizidi, huharibu jino la mtoto likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, kabla hata halijaota, na likishaota limeota hivyo hivyo, halisafishiki. Kikizidi sana kwa miaka mingi huingia mifupani, mgongo na viungo vikakaza. Arusha, Manyara, Singida, Shinyanga, Mwanza na Mara ni katika mikoa ambayo tatizo hili linajulikana tangu zamani. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka miligramu 4. Mwili wa Mtanzania haukuwa na ugumu wa peke yake, ila tungeshika 1.5 visima vingi vingefungwa na watu wangekosa maji kabisa. Sasa kiwango kimeshushwa, kwenye karatasi. Visima viko pale pale.

Na hayo maji ukiyatia kwenye glasi, wapenzi wangu, yanang'aa.

Hapa ndipo ninapotaka tushikane masikio. Sisi tumesoma fiqhi ya maji tangu chuoni, tukiwa na ubao na kofi la mwalimu. Tunajua maji yanabadilika kwa vitu vitatu: rangi, ladha na harufu. Tunajua kulla mbili. Na elimu hiyo ni sahihi, kwa kazi yake: inakuambia kama maji hayo yanafaa kwa tohara. Haikuahidi kwamba yanafaa kumnyonyeshea mtoto uji. Floridi haina rangi. Arseniki haina ladha. Zebaki iliyoyeyuka haina harufu. Unaweza kutawadha kwa maji ukaswali swala iliyotimia, na maji hayo hayo ukiyanywa miaka kumi yakakutoa maradhi. Tohara na usalama ni maswali mawili, na sisi tumejibu la kwanza tukadhani tumejibu yote mawili. Nimewahi kumsikia mtu akinukuu barazani kuwa maji hayanajisiki, kana kwamba ni hoja ya kutopima kisima. Sheikh, hatukusema yamenajisika! Tumesema yanadhuru, na dini hii hii ndiyo iliyokataza kudhuru.

Turudi kwenye chupa, maana najua kuna aliyeshasema moyoni, "Basi si ndiyo sababu tunanunua ya chupa?"

Ndiyo. Na sitakudanganya kwamba maji ya chupa ni sumu. Kipindupindu cha 2015 na 2016, kilichoanzia bara kikafika mpaka kwetu visiwani, waliokuwa na uwezo wa kununua chupa walilala usingizi. Maji yaliyosafishwa vizuri na kufungwa vizuri hayana vijidudu, na mara nyingi hata floridi imepunguzwa, kwa sababu viwanda vingi huyapitisha kwenye chujio laini mno la shinikizo linalozuia madini. Ninachokataa ni ile imani yetu kwamba kifuniko kikilia "tiki" tumepewa cheti.

Kwanza, jua unachonunua. Chupa nyingi zenye picha ya mlima zina maji ya kisima kirefu kilichochimbwa uani kwa kiwanda, au maji ya bomba la mji yaliyochujwa tena. Si kosa, ila si mlima. Mwaka 2004 kampuni ya Coca-Cola iliingiza maji yake ya Dasani Uingereza. Ikagundulika ni maji ya bomba ya mji wa Sidcup, na zaidi ya hapo, usafishaji wenyewe ulikuwa umezalisha kemikali iitwayo bromati kupita kikomo cha sheria. Wakaziondoa sokoni chupa karibu nusu milioni, na Dasani haikurudi. Yaani maji yaliingia kiwandani salama yakatoka na kasoro. Perrier, ile chupa ya kijani ambayo bibi harusi wa siku hizi akiiweka kwenye meza kuu anajiona yuko Paris, mwaka 1990 ilibidi irudishwe kutoka dunia nzima, chupa milioni 160, baada ya kukutwa na benzini. Na Januari 2024 kampuni ya Nestlé, inayomiliki Perrier na Vittel, ilikiri Ufaransa kwamba maji iliyoyauza kama ya asili yasiyoguswa yalikuwa yakipitishwa kwenye michujo isiyoruhusiwa kwa maji ya aina hiyo. Hao ni watu wenye maabara kila mtaa na wakaguzi wasiolala.

Halafu kuna plastiki yenyewe. Watafiti wa chuo kikuu cha Columbia, Marekani, mwaka 2024 walihesabu wastani wa vipande 240,000 vya plastiki katika lita moja ya maji ya chupa, vingi vikiwa vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Madhara yake bado yanachunguzwa, sitaki kuwatia hofu ya bure. Lakini kadiri chupa inavyopata joto ndivyo inavyoachia zaidi vilivyomo ndani yake, na nyinyi mmewahi kuziona chupa za stendi ya basi bara saa saba mchana, zimepangwa juani tangu asubuhi.

Na stendi ndiyo yenye habari ya pili. Wale watoto waliookota chupa harusini, nilimuuliza mmoja wanapeleka wapi. Akaniambia bila wasiwasi, nyingine kwa wanaonunua plastiki kwa kilo, na zile zenye kifuniko kizima zina bei yake. Kifuniko kizima cha nini? Hakunijibu, akakimbia. Sina haja ya kuwamalizia. Ukimaliza chupa yako, ikunje, ivunje shingo. Usimwachie mtu nyumba tupu ya kupangisha.

Sasa tuje Geita, anakoishi mdogo wangu.

Dada zangu, hii dhahabu tunayoihesabu kwenye mahari, bangili na kikuku na seti ya shingo, ina maji yake. Sizungumzii mgodi mkubwa wa Geita ulioanza mwaka 2000, ule una uzio wake. Nazungumzia wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, ambao ni riziki ya maelfu ya watu na sina neno baya juu ya riziki ya mtu. Mawe yanapondwa, yanasagwa kwenye karasha mpaka yawe unga, unga unaoshwa kwenye mwalo, kisha hutiwa zebaki. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu zikawa donge. Donge linachomwa moto, zebaki inapaa kuwa moshi, dhahabu inabaki. Moshi huo anauvuta aliyechoma na yeyote aliyekaa karibu, na mara nyingi ni nyumbani, kwenye jiko lile lile. Inayobaki kwenye matope hushuka na mvua kwenye vijito, ikageuzwa na vijidudu vya tope kuwa zebaki ya aina nyingine inayoingia kwenye samaki, na samaki anaingia kwenye chungu. Shirika la Human Rights Watch lilipozunguka migodi midogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, ripoti yake ya 2013 ilieleza habari za watoto wa miaka minane wakifanya kazi migodini, wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito inavuka mpaka kwa mtoto. Wajapani waliona hayo Minamata miaka ya 1950, ndipo mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki ukapewa jina la mji huo. Tanzania imeuridhia tangu 2020. Kwenye mwalo, zebaki bado iko ndani ya kichupa mfukoni mwa mtu.

Na juu ya zebaki kuna arseniki, ambayo hakuna aliyeileta. Iko ndani ya miamba ile ile inayobeba dhahabu. Wanasayansi waliopima visima na vijito vya ukanda huu, wakiwemo wa vyuo vyetu, wamekuta baadhi yake vimepita kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii. Nitalirudia hili kwa sababu ndilo tunaloambizana kila siku: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi floridi wala arseniki. Ukichemsha sana maji yanapungua, na madini yanabaki pale pale, kwa hiyo umeyakoleza. Dawa ya Waterguard ni hivyo hivyo, kazi yake ni vijidudu.

Nilipomwambia mdogo wangu haya akaniambia, "Dada, mimi nitakunywa ya chupa tu." Na mumewe ana uwezo, alhamdulillahi.

Hapo ndipo moyo uliponiuma, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo hasa. Chupa inatutoa sisi wenye uwezo kwenye foleni ya wanaolalamika. Mke wa mnunuzi wa dhahabu hatakwenda ofisi ya mamlaka ya maji kuuliza kisima kimepimwa lini, maana yeye hanywi hapo. Mwenyekiti naye hanywi hapo. Mgeni rasmi kaletewa katoni yake. Anayekunywa ni yule mama anayeosha masufuria ya harusi yetu, na yeye ameshasema amezoea. Bomba la maji ya Ziwa Victoria lilifika miji ya Shinyanga na Kahama mwaka 2009, kutoka Ihelele kule Misungwi, na lilifika kwa sababu watu walilia maji miaka na miaka, wenye uwezo na wasio na uwezo, wote walikuwa na kiu moja. Siku hizi kiu imegawanyika. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Mwadui ulipopasuka na tope likavamia nyumba na mashamba ya vijiji vya jirani, huko huko Kishapu, wangapi kati yetu tuliuliza visima vile vimekuwaje? Mimi sikuuliza. Nilikuwa sijui hata Kishapu iko wapi, mpaka tulipoozesha huko.

Mnakumbuka kisa cha kisima cha Ruma? Waislamu walihamia Madina, maji matamu yako kwenye kisima chenye mwenyewe, na mwenyewe anayauza. Sayyidna Uthman, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa tajiri. Angeweza kujinunulia yake kila siku maisha yake yote, asingefilisika. Akanunua kisima, akakitoa wakfu, yeye akichota na maskini akichota, ndoo moja. Tunakisimulia kisa hiki kila Ramadhani tunapochangisha. Hatusemi kwamba sisi tumechagua ile njia nyingine, ya kujinunulia yetu.

"Lakini tunachimba visima vya sadaka!" Ndiyo, na sasa naomba mnishike vizuri maana nitagusa kidonda. Kile kisima cha kijijini kwa kina mkwe wetu ni cha sadaka. Kina bango la marumaru. Limeandikwa jina la marehemu, Allah amrehemu, jina la waliosimamia, na tarehe. Wafadhili wako mbali, huko Ghuba. Walitumiwa video, watoto wakipiga makofi, maji yakiruka. Nikamuuliza shemeji, kilipimwa? Akasema wahandisi walipima kina na wingi wa maji. Floridi je? Hakuna aliyejua. Sitalitaja shirika, maana mashirika ni mengi na hali ni moja.

Msidhani nazusha. Bangladesh, nchi ya Waislamu wenzetu, tangu miaka ya 1970 ilichimbiwa mamilioni ya visima vya pampu kwa msaada wa UNICEF na wengine, kuwaokoa watoto na maradhi ya kuhara. Nia njema kabisa, na watoto wengi kweli walipona. Hakuna aliyepima arseniki. Ilipogundulika, miaka ya 1990, makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wameshaizoea, ngozi za viganja zimekakamaa na saratani zimeanza, na mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani likaandika kuwa ndiyo sumu iliyoenea kwa watu wengi zaidi katika historia. Ilikuwa sadaka iliyokosa kipimo kimoja cha maabara.

Sisemi jina lisiandikwe. Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake aliuliza sadaka gani ni bora, akaelekezwa maji, akachimba kisima akasema hiki ni cha mama Saad. Jina ni jema. Ila jina lako likiwa juu ya maji, wewe ndiye unayeulizwa yaliyomo. Bibi harusi umebandika jina lako kwenye chupa mia tano? Basi mbele ya wageni wale wewe ndiye kiwanda. Umebandika jina la baba yako kwenye kisima? Basi kila jino la mtoto litakaloota pale lina anwani ya kwenu.

Sasa nini? Mimi si mhandisi, nitasema ninayoyajua. Ukiagiza maji ya harusi, muulize muuzaji jina la kiwanda, na kiwanda kiombe majibu ya vipimo vya toleo hilo. Kiwanda kinachopima kina karatasi, kisichopima kina maneno mengi. Stika yako weka shingoni mwa chupa, au funga utepe, lebo ya chini ibaki inasomeka. Maji ya Zamzam ya madukani nayo usiulizie bei kabla ya kuulizia yametokaje, maana Saudia hairuhusu kuyasafirisha kwa biashara, sasa hayo ya dukani kayaleta nani?

Ukiolewa ukanda ule, maji ya kwanza kuyafikiria ni ya mtoto. Maji ya mvua, ukiwa na paa safi la bati na tangi lenye mfuniko, hayana floridi ya miamba. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, na kama mtaa wenu wanachoma zebaki, paa hilo usilitegemee. Floridi inapunguzwa pia kwa chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeifanyia kazi miaka mingi. (Najua swali linalokuja. Mifupa ya ng'ombe aliyechinjwa au mzoga? Muulize anayekuuzia, kisha muulize sheikh wako, usiniulize mimi.) Na maabara za maji za serikali zipo mikoani. Unapeleka chupa yako safi, unaeleza unataka kupimiwa nini. Wataje kwa majina: floridi, arseniki, na kama mko karibu na mwalo, zebaki. Usiseme tu "nipimieni kama ni masafi", watapima vijidudu watakwambia hongera.

Sisi tulipeleka ya kile kisima. Nilimkaba shemeji mpaka akapeleka, tukachangiana wanawake wale wale kumi na moja, na bibi akatoa noti aliyoifunga kwenye pembe ya kanga. Majibu yalikuja baada ya sisi kurudi Unguja. Vijidudu hakuna. Floridi imepita.

Mama mkwe alipoelezwa alinyamaza muda mrefu kwenye simu, nikadhani imekatika. Kisha akauliza, "Na wale wadogo ambao meno hayajaota?" Nikamwambia hao bado wanawahi. Sasa wameweka tangi moja la mvua kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka minane wa nyumba ile na ya jirani, na wamewaandikia wale wa bango kuomba chujio. Kuna wazee wamekasirika, wanasema tumeichafua sadaka ya marehemu. Mama mkwe amewajibu kwa Kisukuma, sikutafsiriwa.

Na mwezi ujao tuna harusi nyingine, ya hapa hapa mjini. Jana mpambaji kanitumia picha ya stika za maji, nzuri kweli, rangi ya kijani ya mnanaa, imezunguka chupa yote. Nimemwambia aipandishe juu shingoni. Ananiambia haitapendeza kwenye picha. Nimemjibu basi anitumie jina la kiwanda na karatasi ya vipimo, tuibandike hiyo. Ameshasoma ujumbe, alama mbili za buluu, na mpaka naandika hapa hajanijibu.